Dakika Ishirini na Mbili za Matope

Nilichaguliwa katibu wa Umoja wa Wapenzi wa Michezo-Simulizi Huru Kibiti kwa sifa moja tu: kompyuta ni zangu. Steshenari yangu ipo upande wa pili wa barabara, mkabala na stendi ya mabasi yaendayo Lindi. Nina mashine ya fotokopi, printa mbili na kompyuta nne ambazo mwanafunzi yeyote wa Kibiti anazijua kwa majina. Kila Jumamosi saa tisa wanachama kumi na tisa walikuwa wanaingia humo, wanakaa mpaka juu ya maboksi ya karatasi, na mwenyekiti anafungua kikao kwa dua.

Kwa asiyejua, magemu yetu si ya mpira wala ya kupigana risasi. Ni magemu ya visa. Unamwongoza mtu, anaingia chumba hiki na kile, anaokota ufunguo, anasema na mlinzi, anafunga ndoano kwenye kamba na kuopoa kitu kisimani, na hadithi inasogea. Hayatengenezwi na kampuni kubwa. Hutengenezwa na mtu mmoja au wawili waliojifungia kwao, wanaochora na kuandika wenyewe, kisha wanayaweka mtandaoni anayetaka achukue. Ndiyo maana tukayaita huru, ingawa neno hilo lilituchukua vikao vitatu. Wengine walitaka "binafsi", wengine "ya kujitegemea". Kikao cha nne tuliunda kamati ndogo ya istilahi. Kwa wiki hizo zote sikumbuki kuona mtu amewasha gemu kikaoni.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Muhidini, anafundisha Uraia sekondari. Ni mtu wa miaka hamsini na ushei, koti halimtoki hata jua la Februari, na akianza kuzungumzia gemu utadhani alikuwepo likitengenezwa. Anajua mlango gani una mtego na kikongwe yupi ni mwongo. Mimi nilijua anavyojua. Kila gemu lina mwongozo mtandaoni, umeandikwa hatua kwa hatua na watu waliokwisha kulicheza, na miongozo hiyo Mwalimu alikuwa anakuja kuichapisha kwangu. Anaikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

Simcheki. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika uhakiki wa kurasa mbili juu ya gemu ambalo nililiona picha ya mbele tu. Ulisifiwa. Saadi, mchora ramani za nyumba na mtu wa maneno mazito, alisema nimegusa "kiini cha upweke wa mhusika". Kumbe mhusika alikuwa na mke na watoto sita, nilikuja kuambiwa baadaye.

Aliyekuwa anacheza kweli ni mmoja, Ukasha wa bodaboda. Anacheza kwenye simu akisubiri abiria kijiweni. Tatizo la Ukasha lilikuwa uchambuzi. Ukimpa nafasi ya kuongea anasimama, anasema, "Nimemaliza. Zuri," au "Nimemaliza. Baya," anakaa. Mwalimu alishamwonya mara mbili kwamba mchango wa namna hiyo haujengi.

Basi Alhamisi moja akaja Mwanawetu. Huyu ni muuguzi wa zahanati ya Kiongoroni, kule mwisho wa Delta karibu na bahari kuu, mahali ambapo hufiki bila boti. Kila mwezi huja Kibiti kuleta ripoti na kuchukua chanjo za watoto, na ripoti zake huzichapa kwangu. Alipomaliza akanipa flashi.

"Da Zena, si nyie ndio watu wa magemu?"

"Ndio sisi."

"Basi naomba mlitazame hili. Nimelitengeneza mwenyewe."

Nikadhani ananitania. "Mwenyewe na nani?"

"Mwenyewe na sola ya zahanati. Wagonjwa wakiisha nachora kidogo. Mwaka wa pili huu." Akawa anaizungusha kofia ya kalamu yake vidoleni. "Mimi sina wa kumwonyesha kule. Nataka watu wanaojua waniambie kama lina maana."

Nikamwambia amefika penyewe. Nilisema hivyo bila kusita, na hata leo nikikumbuka natamani kujificha.

Jioni ile ile nililituma gemu kwa wanachama wote. Kesho yake, Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali Jumaa na stendi ikapoa, nikaona ngoja nilifungue angalau nione linavyoanza.

Lilikuwa linaitwa Bi Mkunga. Unamwongoza mama mtu mzima anayeitwa usiku wa manane wa gemu lile kwenda kumzalisha mwanamke kijiji cha mbali. Unatafuta kafi, kafi limeazimwa na jirani. Jirani halitoi mpaka umpelekee kanga ya mkewe, kanga ipo kwenye kamba kwa wifi yake, na wifi hasemi na jirani. Nilicheka peke yangu. Baadaye unaingia kwenye mtumbwi, unapita vijito viwili vya mikoko, na cha tatu mtumbwi unakaa juu ya tope. Maji yamekupwa. Nikabonyeza kafi, hakuna kitu. Nikabonyeza kamba, kanga, wembe, sabuni. Hakuna kitu.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja, Bi Hafsa, mkulima wa Mahege, ana kitambulisho mkononi.

"Mwanangu, nitolee fotokopi."

"Shikamoo mama. Nivumilie kidogo, mtumbwi wangu umekwama."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

Nikamwonyesha. Badala ya kunung'unika akavuta stuli, akasogeza uso kwenye kioo. "Mimi nimezaliwa huko visiwani, nimeolewa tu Mahege," akasema. "Tazama mizizi ya mikoko. Imelowa mpaka wapi?"

Nikatazama. Kweli, kwenye kila mzizi ulichorwa mstari wa unyevu, na mstari ule ulikuwa unateremka polepole.

"Yanakupwa bado," akasema Bi Hafsa. "Huna la kufanya hapo. Nitolee karatasi yangu, tukae."

Nikamtolea, tukakaa. Kaa mwekundu akatoka shimoni, akarudi. Chini ya picha yakaanza kutokea maneno, mkunga anajisemea mwenyewe ndani ya mtumbwi, anawataja wanawake aliowahi kuwafuata. Bi Hafsa macho yake hayasomi vizuri, nikawa namsomea kwa sauti. Zaitun, nilimkuta ameshajifungua, ananicheka kwa kuchelewa. Mama Nasibu, nilimkuta anatwanga, akaniambia uchungu umepoa. Mwanaidi wa ng'ambo, nilimkuta kimya, na kanga aliyofunikwa ilikuwa mpya.

Baada ya jina hilo ilipita kama dakika moja bila neno lolote. Mteja mwingine alichungulia mlangoni, Bi Hafsa akamnyooshea kiganja, asubiri. Hatimaye mstari wa unyevu ukasimama, ukaanza kupanda, mtumbwi ukatikisika. Nilitazama saa ya ukutani: dakika ishirini na mbili. Tukapiga kafi, tukafika, tukasikia mtoto analia kabla mlango haujafunguliwa, na gemu likaishia hapo.

"Wa kike au wa kiume?" Bi Hafsa akauliza.

"Hawakusema."

"Basi wa kike," akasema, akachukua karatasi yake akaenda zake. Mimi nikamwambia yule mteja wa mlangoni mashine imepata joto. Sikuwa katika hali ya kuongea na mtu.

Jumamosi kikao kilijaa. Mwanawetu alikuwepo, kwa kuwa chanjo zake zingekuwa tayari Jumatatu alfajiri na alilala kwa shangazi yake hapo mjini. Alikaa kwenye boksi la karatasi karibu na mlango, na daftari magotini ili aandike tutakachosema. Mwalimu alimkaribisha vizuri sana, kisha akamsomea kanuni ya kumi na nne: mtunzi haruhusiwi kusema mpaka wachambuzi wote wamalize, asije akawaathiri.

"Ndugu wajumbe," akaanza, "tunalo mbele yetu gemu la nyumbani. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini kujivunia hakutuzuii kusema ukweli. Gemu hili ni bovu. Kwenye kijito cha tatu lina hitilafu, halisogei."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mmoja baada ya mwingine walikiri wamekwama pale pale, na kila aliyekiri alijitahidi kuonyesha kwamba amekwama kwa sababu za juu zaidi kuliko mwenzake. Mmoja alileta orodha ya majaribio arobaini na moja, kafi na sabuni, sabuni na wembe, wembe na matope. Mwalimu mwenyewe alionekana mnyonge siku hiyo, na nilielewa. Gemu hili mtandaoni halikuwa na mwongozo.

Saadi akasimama. "Mwenyekiti, mimi napingana nawe kwa heshima. Si hitilafu. Matope yale ni ishara. Mtunzi anatuambia jamii yetu imesimama. Hakuna kusonga. Ukombozi haupo. Ni gemu la kukata tamaa, na kwa kweli," akamgeukia Mwanawetu, "nakupa pole, mdogo wangu, kwa yote uliyopitia."

Mwanawetu akafungua kinywa. Mwalimu akainua kidole: kanuni ya kumi na nne. Mwanawetu akafunga kinywa.

"Mimi nimemaliza," akasema Ukasha kutoka nyuma. "Nilisubiri tu. Maji yakaja."

"Ukasha, uliomba nafasi?"

"Sikuomba."

"Basi mchango huo usiingie kwenye kumbukumbu. Katibu, usiuandike."

Sikuuandika. Nilikuwa nimeshika kalamu, nilikuwa najua kila kitu alichokijua Ukasha na zaidi, na sikuuandika. Niliogopa wataniuliza kama nimemaliza na haya yote mengine niliyowahi kuyahakiki. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika hoja ya Saadi kwa mwandiko mzuri.

Ilipofika zamu ya mtunzi, saa kumi na moja, Mwanawetu alikuwa na swali moja. "Hiyo ya kusubiri, kuna aliyesubiri zaidi ya dakika tano?"

"Swali hilo halipo kwenye ajenda," Mwalimu akajibu. "Ila nitasema hili, na nasema kama mzazi. Maji hayachukui muda huo. Mimi mtoto wa Rufiji, mto naujua. Ni mwendo wa dakika mbili tatu tu. Umetia chumvi."

Mwanawetu akafunga daftari. Halikuwa na hata mstari mmoja. "Mwalimu, Jumatatu narudi na chanjo. Boti ina nafasi. Kama shule zimefungwa, njooni mtazame wenyewe."

Nadhani aliyasema hayo kwa hasira, lakini Mwalimu aliyachukua kama mwaliko rasmi. Papo hapo ukapitishwa uamuzi wa kufanya uhakiki wa uwandani. Wajumbe kumi na wanane waliunga mkono kwa makofi. Siku ya safari tulijitokeza wanne: Mwalimu, Saadi, Ukasha na mimi.

Tulifika gati la Nyamisati saa moja asubuhi. Mwenye boti, Mshamu, mtu mkimya mwenye fulana ya njano, alitwambia neno moja tu. "Leo bamvua, maji makubwa haya yanatoka kwa kasi. Tukiondoka saa hii tunapita. Saa mbili na nusu, tutalala njiani."

Mwanawetu akalitia boksi la chanjo ndani ya boti, la bluu, lenye barafu, akakaa nalo. Mimi nikakaa. Ukasha akakaa, akavaa helmeti yake kabisa, maana alisema haogelei. Mwalimu alibaki gatini. Alikuwa ameleta bango la kitambaa lenye jina la Umoja kwa herufi nyekundu, la urefu wa mita nne, na alitaka lipigwe picha likiwa limenyooka. Upepo haukutaka. Picha ilipopatikana, ikaonekana jina limekatwa, limebaki "Wapenzi wa Mi". Ikapigwa nyingine. Kisha ikaja hotuba ya uzinduzi, ambayo ilisikilizwa na wachuuzi wawili wa kamba wa baharini na mbwa.

"Mwalimu," Mwanawetu akasema kwa upole, "kina mama wanangoja na watoto."

"Dakika mbili, binti yangu."

Tuliondoka saa mbili na dakika arobaini.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Mikoko ilikuwa imesimama huku na huku, na Saadi alikuwa anatueleza maana yake. Kisha Mshamu akapunguza injini. Akaizima, akainyanyua, akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Akasukuma mara tatu, mara ya nne boti ikatoa sauti kama mtu anayekalia mkeka, ikatulia. Maji yalikuwa yanaondoka pembeni yetu waziwazi, kama mtu anayetoka kwenye shughuli bila kuaga. Muda si mrefu tukawa juu ya tope jeusi, boti imeinama kidogo, na kijito kizima kimebaki mfereji wa kuruka kwa mguu mmoja.

"Mpaka saa ngapi?" nikamuuliza Mshamu.

"Saa saba. Labda saba na nusu." Akajilaza juu ya dumu, akafunika uso kwa fulana.

Mwalimu akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na robo. "Haiwezekani," akasema. "Lazima kuna ufumbuzi. Tuorodheshe vilivyomo."

Naapa tuliviorodhesha. Alivipanga kwenye ubao wa kukalia: kamba, mwavuli, chupa ya chai, pondo, bango, ndoo ya kukumbia maji, helmeti ya Ukasha. Akavitazama kwa muda mrefu, akashika mwavuli na kamba, akavikutanisha, akavitenganisha. Akajaribu pondo na ndoo. Mwanawetu alikuwa anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona anazuia kicheko.

Saadi hakuridhika na nadharia. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka kusukuma. Mguu wa kwanza ulizama mpaka gotini. Wa pili mpaka pajani. Akabaki hapo, ameshika ukingo wa boti, ananyanyua mguu mmoja ili aushushe mwingine zaidi.

"Ndugu zangu," akasema, "nashuka."

"Hiyo ishara au hitilafu?" Ukasha akauliza kutoka ndani ya helmeti.

Kamba ilikuwa fupi. Tulimtoa kwa bango. Tulilizungusha kwapani mwake, tukavuta sote wanne, Mshamu naye akaamka akavuta, na Saadi akatoka kwa mlio ambao sitauandika. Herufi nyekundu hazikusomeka tena. Suruali ilibaki na yeye, ila mkanda haukuonekana.

Jua likapanda. Kivuli hakuna, maana boti ilikuwa katikati na mikoko iko mbali, na mwavuli ni mmoja. Tulimpa Mwanawetu, yeye akalifunika boksi. Kila baada ya muda alikuwa anatazama kipimajoto kidogo kilichobandikwa juu yake, midomo inahesabu kimyakimya. Nikamuuliza kama barafu itafika. Akasema itafika ikiwa hatutalifungua wala kulitikisa.

Saadi alikuwa anateseka kwa aibu zaidi kuliko kwa tope, na nadhani aibu ndiyo iliyomponza. Ilipokaribia saa tano akasimama. "Uzito," akasema. "Boti ni nzito. Tupunguze. Tushushe hilo boksi tu pale kwenye tope kavu, na dumu, na sisi tuhamie mbele, itanyanyuka."

"Boksi halishuki," Mwanawetu akasema.

"Ni dakika mbili tu, mdogo wangu. Tutalirudisha."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. "Hoja imeungwa mkono. Wanaoafiki?"

Saadi akashika mkono mmoja wa boksi. Mimi sijui niliamua saa ngapi. Ninachojua nilinyanyuka nilipokuwa, nikamsukuma Saadi kando kwa kiwiko, nikapanua miguu kila upande wa boksi bila kuligusa, nikashika mbao mbili za boti nikawa kama kuku aliyeatamia. Mimi si mwembamba. Mtu asingelitoa pale bila kunitoa mimi.

"Katibu!" Mwalimu akashangaa.

"Mimi gemu hili nimelimaliza," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ndege wakaruka. "Ijumaa, kabla ya kikao. Nimesubiri dakika ishirini na mbili, maji yakarudi, mtoto akazaliwa. Halina hitilafu wala halina ishara. Ni maji kupwa na maji kujaa. Jumamosi nilijua, nikanyamaza, nikamwacha huyu binti anafundishwa kazi yake mwenyewe. Na yale magemu mengine niliyoyahakiki sijacheza hata moja. Andikeni hayo kwenye kumbukumbu. Boksi halishuki."

Ukasha akavua helmeti. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mwalimu," akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "na wewe? Umewahi kumaliza hata moja?"

Mwalimu Muhidini akakaa. Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akautoa mtupu. "Nimesoma miongozo yote," akasema.

Mshamu, ambaye hakuwa na habari ya magemu wala miongozo, ndiye aliyeanza kucheka, chini ya fulana yake. Kicheko kikatuchukua sote. Saadi alicheka mpaka tope likamkatika mashavuni. Mwalimu alistahimili kidogo, naye akacheka, kisha akavua lile koti, mara ya kwanza mimi kumwona na shati tupu, akaliongeza juu ya boksi ili lipate kivuli cha pili.

"Siwezi kusubiri nisilolijua," akaniambia baadaye, kwa sauti ya chini. "Darasani mimi ndiye mwenye kitabu cha majibu. Nikikaa mbele ya gemu dakika moja bila kujua, moyo unanienda mbio. Nakimbilia mwongozo."

Nikamwambia mimi sina hata kisingizio hicho, mimi ni uvivu.

Tuliongea mengi saa zile. Mwanawetu alituambia majina yale ya wanawake ni ya kweli nusu na ya kutunga nusu, na hakutuambia nusu ipi. Alituambia alipoanza kazi Kiongoroni aliwahi kukwama kijito hiki hiki, akiwa ameitwa kwa mama mwenye uchungu, na alikaa hapa akiwa na mikono mitupu akisikia muda unapita, na alipofika hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Angelaumiwa, angejitetea. Ndipo akaanza kuchora.

Saa saba na dakika kumi boti ilitikisika. Mshamu hakuhitaji kuamshwa.

Zahanati ya Kiongoroni tuliifikia karibu saa tisa. Kina mama walikuwepo wote, barazani, na watoto migongoni na mapajani, wengine walikuwa wamefika tangu alfajiri. Mwanawetu alitazama kipimajoto mara ya mwisho, akasema, "Salama," na kabla hata hajanawa mikono foleni ilikuwa imejipanga. Mimi nilipewa daftari la kuandika majina. Saadi alipelekwa kisimani akaoge tope. Mwalimu alisimama mbele ya kina mama, akakohoa, akaanza: "Ndugu wananchi, kwa niaba ya Umoja, kuhusu ucheleweshaji uliojitokeza..." Mama wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa na mapacha, akampa mmoja amshike. Hotuba ikaishia hapo. Alimshika vibaya, kama mtu aliyebebeshwa tikiti, na aliendelea kushika, huyu na aliyemfuata, mpaka chanjo ya mwisho. Shati lake lilikuwa limelowa mara mbili.

Uhakiki rasmi wa Bi Mkunga ulitoka wiki ile ile, kwa sababu kamati ya uhakiki ilikuwa imeshauandika kabla ya safari na hakuna kanuni ya kuurudisha. Gemu lilipata alama mbili kati ya tano, pamoja na pendekezo kwamba mtunzi apunguze matope. Mwanawetu aliusoma kwenye grupu letu la simu, tulikomwingiza, akajibu kwa neno moja: "Nimepokea."

Lakini Mwalimu alirudi na jambo lake. Alipendekeza kanuni mpya, ya ishirini na mbili: kila mjumbe, kabla ya kuchangia, aseme gemu lenyewe amelicheza mpaka wapi. Ilipita bila kupingwa, maana hakuna aliyethubutu kuipinga hadharani. Jumamosi iliyofuata mjumbe mmoja alikuwa na msiba, wawili walikuwa na harusi, mwingine alisema mguu. Jumamosi ya pili ilikuwa mvua, ingawa Kibiti haikunyesha. Ya tatu tulikuwa wanne, na maboksi ya karatasi yalikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Tulikaa tukatazamana. Ajenda hakuna. Saadi akauliza kama kuna ubaya tukicheza tu.

Tukawasha gemu moja dogo la mtu wa mbali asiyejulikana, la nyumba yenye mlango uliofungwa, paka mmoja na bustani iliyojaa vyungu. Ufunguo hatukuuona. Tulitafuta chini ya kila chungu, tukabishana, Ukasha akasema tuongee na paka, Saadi akasema paka hana maana yoyote, na akaona haya kidogo kwa kusema hivyo. Baada ya robo saa nikamwona Mwalimu ameteremsha mkono polepole chini ya meza, simu inawaka mapajani.

"Mwalimu," nikamwambia.

"Natazama saa tu."

Ukasha akanyoosha kiganja. Mwalimu akaitazama simu, akamtazama Ukasha, akampa. Kisha akasogeza kiti karibu na kioo, akaweka miwani vizuri. "Haya," akasema, "rudini kwa huyo paka."